Hesabu ya Kesho

Msomaji, ukitoka katikati ya mji wa Nairobi kwa barabara ya Jogoo, ukielekea upande wa macheo, utaupita uwanja wa michezo wa City na mtaa wa Kaloleni, kisha utafika Makongeni. Kwa umbo lake jina hili ni mahali penye makonge, walakini watu wengi waliokaa hapo hawakupata kuona hata konge moja. Waliona safu za nyumba ndogo ambazo reli iliwajengea watumishi wake: dereva wa gari la moshi, mchochezi aliyemsaidia, fundi wa karakana na karani wa stesheni. Njia ya reli ipo karibu, na ng'ambo yake viko viwanda.

Watumishi hao walikuwa watu wa moto. Magari ya moshi ya kwanza yaliyopita katika nchi hii yalichoma kuni, na miti iliyokuwa karibu na njia ikakatwa kwa ajili yake, hata Idara ya Misitu ikapanda mikalitusi ili reli isikose kuni. Baadaye yalikuja magari makubwa yaliyochoma mafuta mazito, na tangu mwaka 1960 yakaja ya dizeli. Jioni mtumishi aliporudi nyumbani alikuta moto wa namna nyingine: jiko la makaa mlangoni, na taa ya mafuta ndani. Hivyo mtu mmoja aliweza kuishi na namna tatu za moto kwa siku moja, wala hapakuwa na mtu aliyemwuliza ni moto kiasi gani atakaouhitaji kesho.

Swali hilo dogo ndilo nitakalo ulifuate pamoja nami katika kurasa hizi. Ni nani aliyelijibu kwa niaba ya watu wa Makongeni na wenzao? Alitumia hesabu gani? Na hesabu ilipokosewa, gharama ilimwangukia nani?

Umeme katika pwani yetu ulianza kama anasa ya mfalme. Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, alikuwa na mtambo wa kuangaza jumba lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mtambo huo ulinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na hapo ndipo ilipoanza kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel alipewa idhini ya kuuza umeme Nairobi. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa, ikazaliwa East African Power and Lighting Company. Hesabu ya kesho katika siku hizo ilikuwa nyepesi. Kampuni iliwahesabu watu wenye uwezo wa kulipa, ikavuta nyaya mpaka milangoni pao, basi. Asiyekuwa na fedha hakuwamo katika hesabu, na kwa hiyo hakuweza kuiharibu.

Mambo yalibadilika yalipokuja mabwawa. Mtambo mdogo huweza kununuliwa leo na kuongezwa mwingine kesho kutwa. Bwawa halijengwi nusu. Alijengaye hapana budi akisie watu watataka umeme kiasi gani miaka 20 au 30 mbele. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililokusudiwa kutoa megawati 150. Waliolipanga waliamini kwamba Uganda itafurika viwanda kwa haraka. Viwanda vilikuja, lakini kwa mwendo wa mtu aliyechoka, na umeme ukabaki bila mnunuzi. Ndipo ulipouzwa Kenya. Kwa mapatano ya mwaka 1955 Kenya ilikubali kununua megawati 30 kwa muda wa miaka 50, na mwaka 1958 umeme wa Jinja ukafika Nairobi kwa njia ndefu ya nyaya, iliyopita Tororo na kushukia kwenye kituo cha Juja Road, upande huu huu wa mashariki ya mji. Yafaa uikumbuke habari hiyo, kwa sababu yenye kosa lile lile tutakutana nayo tena. Waliokisia walikisia kwa kupita kiasi. Ila safari hiyo walikuwa na jirani wa kumwuzia ziada.

Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda mara nne katika muda wa miezi michache. Kenya haikuwa na kisima chake. Mafuta yote yaliyosafishwa Changamwe yalitoka ng'ambo. Serikali nyingi duniani ziligundua kwamba hazikujua nchi zao zilitumia nishati kiasi gani, wapi, na kwa kazi gani. Mwaka 1979 Kenya iliunda Wizara ya Nishati, na wizara ilipoanza kuhesabu ilikuta jambo ambalo mama yeyote wa Makongeni angaliweza kuieleza bure: nishati kubwa ya nchi haikuwa umeme wala petroli. Ilikuwa kuni na makaa. Karibu robo tatu ya nishati yote iliyotumika Kenya ilitoka katika miti.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia katika masimulizi yetu, nami naona fahari kidogo kuieleza habari hii, maana haijulikani kama inavyostahili. Taasisi ya Beijer, iliyo chini ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Uswidi, ilishirikiana na serikali ya Kenya kuchunguza habari za kuni. Kwa ajili ya uchunguzi huo, mwaka 1980, Mmarekani Paul Raskin wa mji wa Boston na wenzake walibuni programu ya kompyuta ya kuhesabia nishati ya nchi nzima kwa miaka mingi ijayo. Programu hiyo iliitwa LEAP. Leo inatumika katika nchi na maeneo zaidi ya 190, na serikali nyingi zimeitumia kupangia namna ya kupunguza hewa ya kaboni inayoongeza joto duniani. Chombo hicho, msomaji, asili yake ni kuni za Kenya.

Huenda ukauliza, je, kompyuta yawezaje kuhesabu moto ambao haujawashwa? Kazi yake si uganga. Tuuchukue mtaa mmoja. Hesabu nyumba zilizomo. Uliza ngapi hupika kwa makaa, ngapi kwa mafuta ya taa, ngapi kwa gesi. Pima kila nyumba hutumia kiasi gani kwa mwaka. Zidisha, kisha ujumlishe. Sasa sema mtaa utaongezeka watu kwa kadiri fulani kila mwaka, na kwamba baadhi yao wataacha makaa na kushika gesi, zidisha tena. Fanya hivyo kwa mitaa yote, vijiji vyote, viwanda vyote na magari yote, hata ufike mwaka uutakao. Kisha geukia upande wa pili: miti itatoa kuni ngapi, mito itatoa umeme kiasi gani, meli zitaleta mafuta kiasi gani, na kila kimoja kwa bei gani. Jumla ya maswali na majibu hayo yaliyofungwa pamoja huitwa kielelezo. Kila hatua yake yawezekana kwa kalamu na karatasi. Kompyuta hutuokoa katika uchovu tu, maana hatua hizo ni maelfu.

Kielelezo cha kuni kilitoa jibu la kutisha. Kilionyesha kwamba mambo yakiendelea kama yalivyokuwa, mwaka 2000 mahitaji ya kuni yangepita kwa mbali sana mazao ya miti. Mwezi wa Agosti 1981 wajumbe wa mataifa walikutana Nairobi, katika jumba la mikutano la Kenyatta, kujadili nishati mpya na nishati isiyokwisha, na habari ya uhaba wa kuni ilikuwa katika vinywa vya wengi.

Mwaka 2000 ulifika. Msiba uliotabiriwa haukuja kwa sura ile. Katika wilaya zenye mvua, kama Kakamega na Murang'a, watu walikuwa wamepanda miti mipakani mwa mashamba yao, wengine kwa mbao, wengine kwa kivuli, na kuni zikapatikana humo humo. Hapakuwa na safu katika kielelezo ya mkulima apandaye mti bila ya kuambiwa. Na hapo Shauri Moyo, mwendo mfupi kutoka Makongeni, mafundi wa jua kali walikuwa wakigonga mabati. Tangu mwaka 1982 au karibu na hapo lilienea jiko jipya lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililopunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Fundi yule wa nyundo aliibadili hesabu ya taifa, ingawa hakuna aliyemwita mkutanoni.

Usidhani kwa hayo kwamba waliohesabu walikuwa wajinga. Walisema "mambo yakiendelea hivi", na mambo hayakuendelea hivyo. Hata sasa makaa yanayouzwa mijini yanatoka kwa wingi katika nchi kavu, nako miti inalipa deni ambalo mji haulioni. Lakini somo la kwanza la vielelezo lilikuwa limekwisha kutolewa, nalo lilitolewa Kenya: kielelezo hakina kesho ndani yake, kina mawazo ya mtu wa leo juu ya kesho. Kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kukipima hana budi kwanza kuyaona mawazo yenyewe.

Upande wa umeme nao ulipata kisa chake. Tangu Kindaruma ya mwaka 1968 Kenya ilikuwa imejenga mabwawa mamoja baada ya jingine katika mto Tana: Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere. Olkaria, mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, walakini mto ulibaki kuwa tegemeo. Mvua zikakosekana. Mwaka 2000 umeme ulikatwa kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho. Viwanda vilisimama, vinyozi wakakaa milangoni, na mitambo ya dizeli ya kukodi ikaletwa kwa gharama kubwa. Safari hii kosa lilikuwa la upungufu. Hesabu ilikuwa imeuamini mto kuliko inavyofaa.

Mtu aliyeumwa na nyoka, msomaji, huogopa hata unyasi. Mwaka 2008 Kenya ilizindua Ruwaza ya 2030, iliyotaka uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka. Waliopanga umeme waliichukua ndoto hiyo wakaiweka ndani ya hesabu kana kwamba ni habari ya jana. Mpango wa umeme wa miaka 2011 hata 2031 ulisema kwamba kilele cha matumizi, yaani saa ile ya jioni ambayo nchi nzima huwasha taa pamoja, kitapanda kutoka megawati 1,200 na ushei hadi 15,000. Ili kukifikia, mpango ulitaka mvuke wa Olkaria na kwingineko, upepo, mitambo ya makaa ya mawe yenye megawati 2,720, na nguvu za atomiki megawati 4,000.

Twaa kalamu yako sasa. Anza na megawati 1,200. Ziongeze kwa asilimia 13 kila mwaka, miaka 20. Utapata karibu 13,800. Rudia tena kwa asilimia 5. Utapata karibu 3,200. Kati ya majibu hayo mawili kuna mitambo, mikopo na moshi wa nchi nzima, na kilichoyatenga ni tarakimu moja iliyoandikwa kwenye safu moja na mtu mmoja mezani. Kilele cha kweli cha mwaka 2025 kilikuwa karibu zaidi na jibu la pili kuliko la kwanza.

Wakati huo hesabu zilifanywa kwa programu iitwayo WASP, ambayo hutolewa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki kwa nchi wanachama wake. Kitabu cha mpango kilichapwa, na aliyetaka alikisoma. Lakini programu yenyewe haikuwa kitu ambacho mwanafunzi, au mwandishi wa gazeti, au mvuvi wa Lamu angeweza kukichukua nyumbani, abadilishe ile tarakimu moja, aone kinachotokea. Aliweza kuamini au kukataa. Kupima hakuweza.

Namtaja mvuvi wa Lamu kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu kulipa kuliko wote. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kuongeza megawati 5,000 katika miezi 40. Sehemu ya megawati hizo ilikuwa itoke Kwasasi, katika kaunti ya Lamu, kwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ambao ungekuwa wa kwanza wa namna yake Kenya. Wenyeji walikwenda mbele ya Baraza la Taifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 baraza lilifuta leseni ya mtambo huo, likisema kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Nje ya baraza wachunguzi walikuwa wameuliza jambo lingine: umeme huo ni wa nani? Tayari mpango mpya, wa miaka 2017 hata 2037, ulikuwa umepunguza makisio ya kilele hata chini ya nusu ya yale ya kwanza, ingawa ulitazama miaka sita mbele zaidi.

Makosa ya namna hii hayaonekani kwa macho kama giza la mwaka 2000. Mtu huona taa inawaka, akadhani mambo ni shwari. Gharama imejificha ndani ya bei. Anayejenga mtambo hukopa fedha, na mkopeshaji hutaka hakika. Basi mkataba husema kwamba umeme ukitumika usitumike, mtambo utalipwa kwa kuwa tayari. Ni kama kukodi matatu kwa arusi: abiria wakija kumi au asije hata mmoja, mwenye gari hudai fedha zake. Kule karibu na ziwa Turkana minara 365 ya upepo ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, yenye uwezo wa megawati 310, lakini njia ya nyaya ya kuifikisha Suswa haikuwa imekwisha mpaka Septemba 2018. Muda wote huo upepo ulivuma bure, na madai yakafika mabilioni ya shilingi. Mwaka 2021 serikali iliunda kamati ya kuichunguza mikataba ya umeme, maana manung'uniko ya bei yalikuwa yamezidi. Mtu wa Makongeni anunuaye tokeni ya shilingi 100 hahesabiwi kuwa mpangaji wa taifa, lakini ndani ya shilingi zake zimo senti za kulipia megawati zilizokuwapo katika hesabu tu.

Turudi kwa kompyuta. Baada ya lile tatizo la mafuta la mwaka 1973 mataifa tajiri nayo yalitunga vielelezo vikubwa vya nishati. Vilikuwa vya ustadi sana, lakini vilitaka leseni za kununua, na mafunzo marefu, na mara nyingi mshauri wa kuajiriwa kutoka mbali. Mshauri alipoondoka aliondoka na ufunguo. LEAP ilikuwa na huruma zaidi: wanafunzi, na watu wa serikali na vyuo katika nchi maskini, hupewa bila malipo, ingawa undani wa programu haukuachwa wazi.

Mwaka 2011 Mark Howells pamoja na wenzake kutoka vyuo mbalimbali walichapisha habari za kielelezo walichokiita OSeMOSYS. Maandishi ya programu hiyo, yaani zile amri zinazoiambia kompyuta la kufanya, yalikuwa kurasa chache tu, na kila mtu aliruhusiwa kuyasoma, kuyanakili na kuyabadili. Hata chombo cha kuyaendeshea kilikuwa cha bure. Kielelezo hiki huulizwa swali moja: kwa mahitaji haya, kwa bei hizi, na kwa mipaka hii ya moshi, ni mitambo gani ijengwe na mwaka gani, ili gharama yote iwe ndogo kuliko zote? Ukimwambia kwamba mvua zitakosekana mwaka wa kumi, atajibu upya. Ukiondoa makaa ya mawe, atajibu upya, nawe utaona tofauti ya gharama kwa shilingi.

Chuo cha kifalme cha ufundi cha Stockholm kilikitumia kwa Kenya. Mwaka 2017 Nandi Moksnes na wenzake watatu walitoa uchunguzi uliounganisha kielelezo hicho na kingine cha wazi kinachotumia ramani, ili kuona ni kaya zipi zifikiwe na nyaya za taifa, na zipi zifae mitambo midogo ya kijijini au ya jua juu ya paa. Walifanya hesabu kwa viwango viwili vya matumizi, cha chini na cha juu, wakaweka mbele ya msomaji yale waliyoyakisia. Mwaka 2021 data za kuanzia za nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, zilitolewa wazi ili mtu asianze na karatasi tupu. Na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imeziagiza kaunti nazo zitunge mipango yao ya nishati. Kazi hiyo haiwezekani ikiwa hesabu imebaki kwa watu wachache wa mji mkuu.

Hapa yanipasa kuweka wazi shaka yangu, usije ukadhani nakuuzia dawa. Hesabu ya wazi yaweza kuwa na kosa la wazi. Ile safu ya asilimia 13 ingeandikwa vilevile ndani ya OSeMOSYS, na kompyuta ingetii bila kunung'unika. Tena, mlango uliofunguliwa haumfai mtu asiyejua kusoma lugha iliyoandikwa juu yake. Mafunzo ya vielelezo hivi ni ya Kiingereza karibu yote, na data nyingi bado hukusanywa na wageni wanaozitazama nchi zetu kutoka mbali. Tofauti ni hii: kosa la wazi huweza kuonyeshwa kwa kidole. Mtu husema, "Katika safu hii umeandika 13; nionyeshe ulikoitoa." Mwaka 2011 sentensi hiyo ingehitaji wakili.

Mwezi wa Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia, katika jumba lile lile la Kenyatta lililowapokea wajumbe wa 1981. Mwaka huo Kenya ilitoa mpango wa mageuzi ya nishati hata mwaka 2050, mwaka ambao nchi yakusudia iwe haiongezi tena hewa ya kaboni duniani. Kwa upande wa umeme Kenya imekwisha kwenda mbali: sehemu karibu 9 katika 10 za umeme wake hutoka katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Uzito umebaki pale pale ulipokuwa mwaka 1980, jikoni. Katika sensa ya mwaka 2019 kaya zaidi ya nusu nchini zilisema hupika hasa kwa kuni, na zaidi ya moja katika kumi kwa makaa. Waliopika kwa umeme hawakufika moja katika mia.

Na Makongeni? Mwaka 2025 serikali ilianza kuwahamisha wakazi wake na kuzibomoa zile nyumba za reli, ili mahali pao pasimame majumba ya ghorofa katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Sitayaingia hapa majonzi ya waliohama. Hayo yanataka kurasa zake yenyewe. Nataka tuitazame ghorofa ya nane. Jiko la makaa lililokaa mlangoni halina mlango wa kukaa huko juu, na mtungi wa gesi hupandishwa ngazi kwa mabega. Wapangaji wa nishati kwa hiyo wanatazama umeme: sufuria ya umeme yenye kufunikwa kabisa, ambayo huivisha maharagwe kwa saa moja.

Fanya hesabu hii kabla hujafunga kitabu. Sufuria moja huvuta karibu kilowati 1. Kaya 1,000 zikiwasha pamoja saa mbili usiku, zimeongeza megawati 1 juu ya kilele cha taifa. Kaya 100,000 zimeongeza 100, na yule mwenye mtambo wa dizeli ataitwa tena. Lakini kaya hizo hizo zikichemsha maharagwe saa kumi alfajiri, hazijaongeza mtambo hata mmoja, kwa maana saa hizo watu wamelala, na mvuke wa Olkaria huachiwa angani kwa kukosa mnunuzi. Basi ndani ya kielelezo kuna jedwali la saa 24, na mtu fulani ataandika humo maharagwe ya Makongeni huwekwa motoni saa ngapi. Aweza kukisia akiwa ofisini. Aweza pia kwenda kwa barabara ya Jogoo, apande ngazi, abishe hodi, aulize.